Nani Aliandika Cheti cha Klara

Jumatatu, 6 Agosti 1951

Leo kaja mzungu mwanamke ofisini. Peke yake, bila gari, kwa miguu, vumbi hadi magotini. Mzungu wa kutembea kwa miguu mimi simwamini. Ama hana kitu, ama anatafuta kitu.

Mwembamba, nywele fupi, umri kama miaka arobaini hivi. Mkoba mweusi wa ngozi kaukumbatia kifuani, hauweki chini hata akinywa maji. Kiswahili chake cha Nairobi, kile cha kumwamrisha mpishi: "Mimi nataka ona kitabu ya batiza." Lakini hakuamrisha, aliomba. Hilo nalo likanitia shaka.

Nikamwuliza, cha mwaka gani? 1909. Na jina la aliyebatizwa?

Klara.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakitua polepole. Nikamwambia kabati la vitabu vya zama za Wajerumani limefungwa, ufunguo anao Padre Benedikto, na Padre ni mgonjwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu! Uko mfukoni mwangu hata sasa ninapoandika.

Akauliza nani anayeandika vyeti hapa. Nikamwonyesha mashine ya taipu: "Ni hii, Mama." Si uongo. Tangu 1948 ndiyo inayoandika.

Anaitwa Margareta. Kasema Klara alikuwa dada yake. Akashukuru, akatoka. Nimemtazama dirishani mpaka alipokata kona, na hakwenda upande wa mjini. Kaenda upande wa nyumba za watu.

Jumanne, 7 Agosti

Niandike, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu, Mama Benedicta, anadhani ni orodha ya marehemu wa parokia, haligusi.

Mwaka 1937 ilikuja barua kutoka Hamburg. Mwuguzi, Klara, kazaliwa hapa Dar es Salaam, kabatizwa kanisani kwetu, wazazi wakamrudisha Ulaya angali mdogo. Aliomba nakala ya cheti chake cha ubatizo. Serikali mpya ya kule ilimtaka kila mtu aonyeshe damu yake imetoka wapi, na asiye na karatasi safi hana kazi. Karatasi nyingine zote alishapata, ilibaki yetu. Aliomba majina na tarehe, basi.

Padre Benedikto naye akaniambia hivyohivyo. Mara mbili, kidole mezani: "Revelian, majina na tarehe. Ya pambizoni uyaache."

Pambizoni mwa kitabu kuna mstari wa Kilatini, padre wa zamani kauandika kwa wino mwekundu. Unasema wazazi wote wawili walikuwa Wayahudi, wakaongoka, wakabatizwa ukubwani. Padre hakunieleza kwa nini niuache. Nami sikuuliza, nilinuna. Seminari walitufundisha nakala iliyopunguzwa si nakala. Halafu kwetu sisi mtu mzima akiongoka ni shangwe, kengele inapigwa, akina mama wanapiga vigelegele! Nilidhani ni sifa. Nilidhani msichana atafurahi ijulikane wazazi wake walitoka mbali vile.

Nikauandika wote, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko siku zote.

Ndivyo ninavyojiambia tangu mwaka ule.

Alhamisi, 9 Agosti

Abdulsamad, mwenye duka mkabala na nyumba yetu. Babu yake alitoka Hadhramaut, yeye mwenyewe hajafika hata Morogoro, ila habari zote za Kinondoni hupita kwenye mizani yake kabla ya sukari. Leo kaniita kutoka ng'ambo ya njia: "Bwana Karani! Askofu wenu kawafanyia nini?"

Kisa chenyewe: yule mwanamke anaingia nyumba za Wakristo. Kaanza Temeke, akaja Keko, sasa yuko huku kwetu. Anabisha hodi, anasalimu, anakaa. Anaomba kuona cheti cha ndoa. Na kwetu nani asiye na cheti chake ukutani, ndani ya fremu, pembeni mwa picha ya Moyo Mtakatifu? Anatoa kioo cha kukuzia, anachungulia herufi moja moja. Anashukuru, anakwenda zake. Watu wameshaamua: katumwa na Askofu, na atakayekutwa hana cheti ukutani atanyimwa komunyo. Abdulsamad anacheka mpaka machozi — fremu za kioo zimemwishia dukani!

Mimi sikucheka. Vyeti haviangaliwi kwa kioo cha kukuzia ili kujua nani kaoa. Anatafuta mkono.

Nikaenda kwa Didas, karani wa reli, nyumba ya nne kutoka kwetu. Yule mwanamke alikuwa amefika kwake asubuhi. Nikamwuliza kijuujuu, kama mtu asiyejali, alitaka nini?

"Kauliza nani aliandika. Nikamwambia Padre Benedikto, kwa mkono wake mwenyewe!"

Padre Benedikto! Cheti cha Didas niliandika mimi. Siku mbili nzima, ile D kubwa nimeizungushia majani ya mzabibu. Miaka ishirini na saba nawaandikia watu hawa na wote wana wimbo mmoja, Padre kaandika mwenyewe. Ni heshima, eti. Cheti cha karani nani anakitaka? Nikitembelea nyumba zao nakalishwa chini ya kazi yangu mwenyewe na kusimuliwa jinsi Padre alivyo na mkono mzuri.

Miaka yote hiyo imenikera. Leo, Mungu anisamehe, nimefurahi.

Nimerudi nyumbani nimekishusha cheti chetu. Nimekificha chini ya godoro.

Ijumaa, 10 Agosti

Balaa. Ukuta wetu una chokaa ya zamani, na pale cheti kilipokuwa pamebaki mraba mweupe, safi. Unaonekana hadi mlangoni. Nimejaribu kusogeza picha ya Moyo Mtakatifu, haifuniki.

Mama Benedicta kaingia na ndoo, kauona, kaitua ndoo. Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Kasema tu: "Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo unayetaka kumleta. Mwanamume hashushi cheti cha ndoa ukutani bure, Baba Benedicta. Kwetu Kiziba nimeona, na hapa pwani nimeona."

Nikamwambia nakipeleka kioo kikabadilishwe. Kaniuliza kioo kina nini. Tangu wakati ule ananiita "Karani", kama watu wa nje.

Jumapili, 12 Agosti

Padre hakushuka kusoma misa. Sista Felicitas, anayemwuguza, kanishika mlangoni baada ya baraka. Kanong'ona: yule mama Mzungu aliruhusiwa kumwona jana, walikaa saa nzima. Na Padre ananiuliza, kwa nini Revelian haji?

Haya. Kanitaja. Saa nzima, mtu mgonjwa, angezungumza nini saa nzima kama si kunitaja? Nimemwambia Sista nina mafua, sitaki kumwambukiza.

Kakazia macho pua yangu iliyo kavu. Huyu naye anajua kitu.

Jumatatu, 13 Agosti

Kalamu hii. Niandike habari zake, maana nimeziruka Jumanne na nilijua ninaziruka.

Ilikuwa siku ileile ya 1937. Padre katoka kwenda kumpaka mgonjwa mafuta. Akaingia ofisini bwana mmoja Mjerumani, mwenye beji nyekundu ya chama kilichotawala kwao kwenye kola. Wenzake walimkabidhi kazi ya kukusanya karatasi zao za ukoo na kuzipeleka kwa meli. Alikuta nimeanza cheti cha Klara. Akasimama nyuma yangu. Akatazama muda mrefu.

"Nani anaandika vizuri hivi? Ni wewe?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu kazini, na hilo swali sikuwahi kuulizwa.

Akakitazama kitabu, akauona mstari mwekundu. Akasema kwa upole, mwandishi mahiri hakati maneno. Akachomoa kalamu hii mfukoni, nyeusi, nibu ya dhahabu, akaiweka mezani mbele yangu. Nikaandika mstari wa pambizoni kwa kalamu hiihii. Padre aliporudi nikaupachika ule waraka katikati ya vyeti vingine, akatia saini vyote bila kusoma, kwa sababu ananiamini, na bwana yule akavipeleka melini.

Nisijidanganye kuwa sikujua. Watamfanya nini yule msichana, hilo sikujua. Lakini bwana yule nilimwona mjini wiki ileile akimsukuma fundi saa Myahudi ashuke barazani, na wenzake wakicheka. Nilimjua ni mtu wa namna gani. Padre kakataza, huyu anataka, na huyu kanisifu. Nikamchagua anayesifu. Kengele na vigelegele nilivifikiria baadaye, vita vilipokwisha na magazeti yakaanza kuandika mambo ya kule.

Vita vilipoanza 1939 Waingereza walimkamata bwana yule, wakampeleka kambini na Wajerumani wenzake. Nilishukuru. Nilidhani kaondoka na siri ile.

Jumatano, 15 Agosti. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni.

Nimekwenda kwa Padre. Nilijiandaa kwa ugomvi! Njia nzima, juu ya baiskeli, napanga maneno: Padre, saini ni yako. Padre, ungesoma. Padre, mimi ni karani tu.

Yuko kitandani, kapungua, mikono inatetemeka juu ya shuka.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa, Revelian. Amekuja dada yake yule mwuguzi."

"Nimesikia, Padre."

Akanisimulia. Karatasi yetu ilipofika, Klara alifukuzwa hospitali. Kisha akatolewa chumba alichopanga. Mwaka 1941 aliandikiwa afike stesheni na mzigo mmoja, yeye na mamia ya Wayahudi wa mji ule, wazee na watoto. Treni ikawapeleka mashariki na hakurudi. Margareta alikuwa ameshakimbilia Nairobi, kapata kazi ya kulea watoto wa watu. Baada ya vita akarudi Ulaya kutafuta, akaikuta karatasi yetu ndani ya faili. Mstari ule wa Kilatini umepigiwa kalamu nyekundu chini yake, mara mbili.

Mkobani ana daftari. Kaandika kila mtu na alichochagua. Mkubwa wa hospitali aliyemfukuza, jina. Mwenye nyumba aliyemtoa, jina. Jirani aliyempa mkate dirishani, huyo naye jina. Mpishi wa hospitali aliyemficha stoo wiki tatu, jina. Hataki kumshitaki mtu, kasema. Anataka ijulikane kuwa kila mahali palikuwa na mtu, na kila mtu angeweza kufanya vingine. Ukurasa wa Dar es Salaam ndio uliobaki mtupu.

"Kaniuliza nani aliandika," akasema Padre. "Nimesema mimi."

"Padre!"

"Saini ni yangu. Nilitia saini bila kusoma. Na nyumba zote alizoingia wamemwambia mwandiko ule ni wangu, kwa hiyo kaniamini. Kaniomba niandike mstari mmoja alinganishe. Nimemwonyesha hii mikono."

Nilitaka kuuliza, mbona hukunitaja? Siku tisa nimekutilia shaka, nimekukasirikia, na wewe hukunitaja! Nikatoa maneno mengine kabisa. Nikasema, pengine yule bwana wa beji aliuongeza mstari baadaye, mwenyewe.

Padre akanitazama. "Yule bwana alinishukuru kwa mstari ule, meli ilishaondoka. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Sijui. Nimekuwa nikikungoja uniambie."

Basi hata yeye! Miaka kumi na minne anawabatiza wanangu, anakunywa chai kwangu Krismasi, na kumbe ananitilia shaka na anangoja.

Nikamwambia, Padre pumzika. Nikaondoka. Sina zaidi ya kusema juu ya leo. Nina aibu.

Ijumaa, 17 Agosti

Abdulsamad anasema mwanamke yule anaondoka Jumatatu asubuhi kurudi Nairobi. Siku tatu. Nikikaa kimya siku tatu, ukurasa unajazwa jina la Padre Benedikto, na daftari linakwenda, na mzee yule anakufa nalo.

Abdulsamad kanikazia macho. Kwa nini nimekonda? Kwa nini sipiti mbele ya duka, nazungukia nyuma? "Mie nasikia yule mama kafiwa na dada kwa sababu ya karatasi," kasema, anafunga chumvi. "Mtu kaketi kwenye kiti chake, kaandika, kaenda kula. Karatasi tu, Bwana Karani!"

Kwa nini kaniambia mimi? Kuna wateja watano pale.

Jumamosi, 18 Agosti

Mama Benedicta hazungumzi nami. Kakipata cheti. Nimeinua godoro, hakipo. Simwulizi, haniulizi.

Nimefikiria kwenda kwake yule mama, kapewa chumba kwa masista. Nimefika hadi njia panda nimerudi. Baiskeli ilikuwa na pancha. Hapana. Haikuwa na pancha.

Jumapili, 19 Agosti

Naandika upesi, nimesimama, chumbani. Yuko sebuleni.

Mama Benedicta ndiye kamleta. Kanisani leo kamfuata, mbele ya watu wote, kamshika mkono: njoo kwangu, mimi ni mke wa ndoa, cheti changu kipo, usisikilize maneno ya watu! Anadhani anaokoa ndoa yake. Nimefika nyumbani nimekuta cheti ukutani, kioo kimesuguliwa, na mgeni kaketi chini yake.

Kioo cha kukuzia kilishatoka. Akauliza lile swali lake, nani ameandika.

Na mke wangu, tangu Ijumaa ile hajanitazama usoni, kanitazama leo, kajivuna, kasema: "Mume wangu huyo! Wengine waliandikiwa na Padre. Changu kaandika bwana harusi mwenyewe, siku tatu, mpaka nikamwambia, tutafunga ndoa lini?"

Mtu wa kwanza kunitaja tangu nianze kazi hii, ukimtoa yule bwana wa beji.

Margareta kafungua mkoba, katoa karatasi yangu. Imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Nimeijua kutoka mlangoni. K ya Klara, na majani ya mzabibu. Kaishika juu, karibu na cheti chetu, kalinganisha. Muda mrefu. Mama Benedicta akaenda kuchemsha chai, anaimba.

Kisha kalifungua daftari lake, ukurasa wenye neno Dar es Salaam juu na chini yake hamna kitu. Hajaandika la Padre! Kaligeuza likanielekea.

"Padre nasema ni yeye. Watu yote nasema ni Padre. Mama hii nasema ni wewe." Sauti yake ya kawaida tu, mtu anauliza njia. "Macho yangu pia nasema. Lakini mimi hapana andika kwa macho. Wewe andika. Jina moja."

Nikasema ngoja nikatafute kalamu.

Kalamu ninayo. Ni hii. Yeye naye anayo, nimeiona mkobani mwake, na hakunipa.

Ningeweza kuandika Benedikto. Mzee mwenyewe kakubali, parokia nzima ni mashahidi, na mke wangu ningemwambia alikosea. Angeniamini, maana leo ana furaha. Nikiandika langu itabidi nimweleze, na binti yetu Benedicta atakuja kujua, na Didas, na ng'ambo ya njia duka zima.

Mama Benedicta anaita. "Baba Benedicta! Chai inapoa, mgeni anangoja!" Kaniita Baba Benedicta.

Nimelijaribu jina hapa kwanza, nione mkono utakubali.

Revelian.

Umekubali, haukutetemeka hata kidogo. Hapa ni rahisi, hakuna anayesoma. Sebuleni kiti kimesogezwa, mgeni anainuka.